Miguu ya punda mzee anaporudi kwenye mzigo

Mvua za masika zikikatika na mahindi yakianza kukauka shambani, upande wa Handeni na Kilindi, mkoani Tanga, punda waliokaa miezi miwili mitatu bila kazi hutolewa tena. Kwa punda kijana mambo huenda. Kwa punda wa miaka 15 na kuendelea, asubuhi ya siku ya pili au ya tatu unamkuta amesimama miguu ya nyuma imejaa, kongoro (kati ya goti na kifundo) halina umbo, kifundo hakionekani kilipo. Hapo wenye punda hugawanyika. Kuna anayemfunga kamba chini ya mwembe apumzike wiki nzima, na uvimbe unazidi. Kuna anayempakia hivyohivyo kwa hoja kwamba akipata joto utashuka, na kweli mara nyingi hushuka, mpaka siku anapompakia punda ambaye uvimbe wake ni wa kano. Wote wawili wamekosea mahali pamoja: hawakuushika mguu.

Punda wazee wanaorudishwa kazini si wachache. Biashara ya ngozi ilimaliza punda wengi na kupandisha bei, na ingawa Tanzania ilisitisha uchinjaji wao mwaka 2022 na viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuuzuia bara zima, punda kijana mwenye miguu mizuri bado hanunuliki kwa mahindi ya msimu mmoja. Basi mzee anatolewa tena. Na anaweza, ila anataka utaratibu wake.

Kwanza, kwa nini miguu ijae. Chini ya goti punda hana nyama. Ana mfupa, kano na ngozi. Damu na maji ya mwilini yanayoshuka mpaka kwenye ukwato hayana msuli wa kuyasukuma kurudi juu. Yanarudishwa na mwendo: ukwato ukikanyaga unabana, ukinyanyuka unaachia, na kano nazo zinakamua mishipa iliyo kando yake. Punda akisimama usiku kucha mahali pamoja, pampu hiyo imezimwa. Kijana mishipa yake bado imekaza, anavumilia. Mzee mishipa imelegea, maji yanatuama. Ndiyo maana miguu ya nyuma hutangulia, na ndiyo maana uvimbe wa namna hii huwa mkubwa alfajiri na mdogo adhuhuri.

Kuushika mguu kunataka kidole gumba, futi ya fundi cherehani, kipimajoto na robo saa. Mfanyie punda hivi asubuhi, kabla hajatoka zizini na kabla jua halijapanda. Msimamishe pasawa, mtazame kwa nyuma, kisha kwa mbele. Hesabu miguu iliyovimba: mmoja, miwili ya nyuma, au yote minne. Pitisha mgongo wa kiganja kuanzia gotini kwenda chini, ukilinganisha mguu na mwenzake. Kiganja cha ndani kimezoea jembe na hakisikii joto vizuri. Kisha bonyeza kwa gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki kishimo, ni maji. Kisipobaki, na pakawa pagumu au punda akavuta mguu, ni kitu kingine. Zungusha futi chini ya goti, sehemu ileile kila siku, uandike kwa chaki mlangoni. Tofauti ya nusu sentimita usiihangaikie, hata mkono wako unaweza kuileta.

Kipimajoto kinaingia njia ya haja kubwa, kikipakwa mafuta ya kula kidogo, kikiegemea ukuta wa ndani, dakika mbili. Punda mzima aliyetulia huwa na nyuzi 36.5 hadi 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 28. Tunazitaja kwa sababu maandishi mengi yanayopatikana ni ya farasi, ambaye joto lake la kawaida hufika 38.5. Mtu akimpima punda wake akakuta 38.3, akalinganisha na ya farasi, atasema mzima. Hapana, huyo ana homa. Adhuhuri ya jua kali vipimo hivi hupanda vyenyewe, ndiyo maana tunasisitiza asubuhi.

Halafu mtembeze robo saa kwenye udongo mgumu uliosawazika, bila mzigo, kwa mwendo wake. Rudi upime tena. Uvimbe wa miguu miwili ya nyuma au yote minne, usio na moto, unaobonyea bila maumivu, na uliopungua baada ya robo saa hiyo, ni wa kusimama. Huo dawa yake ni mwendo na namna ya kumlaza, na tutaurudia. Uvimbe usiofuata sura hiyo hata kwa jambo moja, usimpakie mpaka uujue.

Lakini kuna hali moja ambayo hata hiyo robo saa ya kutembea ni madhara, na inakuja wakati uleule wa baada ya masika. Punda aliyekaa bila kazi kwenye majani mabichi hunenepa, shingo ikajaa mafuta kwa juu mpaka ikaanza kulala upande mmoja. Punda huyo anaweza kupata uvimbe ndani ya kwato, pale nyama inaposhikana na ukuta wa ukwato. Miguu haivimbi sana kwa nje, pengine juu ya ukwato tu, kwa hiyo mtu hupitiwa. Utamjua kwa kusimama: anaegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, hataki kugeuka, na kila akigeuka anakanyaga kama aliye juu ya changarawe za moto. Kwato zina joto. Ukiweka vidole viwili nyuma ya kifundo, upande wa ndani na wa nje, utasikia mshipa ukigonga kwa nguvu. Kwa punda mzima mpigo huo ni hafifu, unatafutwa. Huyu hatembezwi hata hatua moja ya mazoezi. Anawekwa kwenye mchanga mwingi au maranda ya mbao yenye kina, kwato zinapozwa, pumba inaondolewa kabisa, anapewa nyasi kavu, na daktari wa mifugo anaitwa. Usimkatie chakula chote ukidhani unampunguza unene. Punda mnene akishinda na njaa mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na kuharibu ini, na wengi hufa kwa hilo kuliko kwa kwato zenyewe. Punda wa umri wowote aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa wa haraka.

Sasa mguu mmoja.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye moto, ndio unaoharibiwa zaidi na haraka ya mavuno. Kwetu sababu ya kwanza ni kamba. Punda hufungwa mguu kwa kamba ya nailoni, tena palepale juu ya ukwato, na punda aliyekaa miezi miwili amefungwa hivyo ana kovu la mviringo lililofichwa na manyoya. Ngozi ikichanika kidogo, vijidudu vinaingia, na kesho mguu una unene mara mbili hadi tatu ya mwenzake, umekaza kama ngoma, homa juu, na ukigusa anarusha teke. Mwiba wa mgunga hufanya hivyohivyo. Huyu anahitaji dawa ya kuua vijidudu siku hiyohiyo, kwa kipimo cha daktari na kwa siku zote alizoandika, maana uvimbe wa namna hii ukikaa, ngozi hunenepa ndani na mguu haurudi tena kwenye unene wake. Kila mwaka utajaa kwa sababu ndogo. Wakati unamsubiri daktari, nyoa manyoya pale penye kidonda, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Dizeli, oili chafu, maji ya betri, vyote tumeona vikipakwa na vyote vinaunguza nyama ambayo ndiyo ingepigana. Na kama ni tundu la msumari au mwiba uliozama, mkumbushe daktari habari ya pepopunda. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaopatwa nayo kwa urahisi mno, na jina lenyewe la ugonjwa limetoka kwao.

Ukimtoa kwenye kamba, usimrudishe kwenye ileile. Mkanda wa kiti cha gari bovu, upana wa vidole vitatu, ukishonewa kitambaa kwa ndani, haukati. Gereji za Mkata na Korogwe wanayo. Kamba ya katani iliyopitishwa ndani ya kipande cha mpira wa maji nayo inafaa, ingawa ndani hushika unyevu. La maana zaidi, kwa punda mzee, ni kuacha kufunga mguu kabisa: hatamu kichwani mchana, zizi usiku.

Sababu ya pili ya mguu mmoja ni jipu ndani ya ukwato. Masika hulainisha kwato, mawe madogo na matope hupenya kwenye mstari mweupe unaogawa wayo na ukuta, halafu kiangazi kinakausha na kufunga mlango. Punda jana alitembea, leo anabeba mguu hewani kana kwamba umevunjika, na uvimbe unaanza juu ya ukwato kupanda kwenye kifundo. Mtu asiyejua anapaka dawa kwenye kifundo. Safisha wayo, gonga polepole kwa kishikio cha kisu kuuzunguka. Atakapostuka ndipo penye usaha. Kuchimba mwachie anayejua, maana kisu kikizidi kidogo unatoa damu na kuzaa tatizo jipya. Wewe unaweza kulainisha: ukwato kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yanayovumilika na mkono, konzi mbili za chumvi, dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Baada ya hapo pumba iliyolowekwa kwa maji moto yenye chumvi, ndani ya mfuko wa sandarusi, juu yake kipande cha mfuko wa unga, vyote vimekazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwenye ukwato wenyewe, usipande kwenye ngozi. Usaha ukitoka, huwa mweusi unanuka, na nafuu inaonekana ndani ya siku moja.

Ya tatu ni kano, na hii ndiyo ya kuogopwa. Tazama mguu kwa ubavu. Nyuma ya mfupa wa kongoro kuna kano mbili zinazoshuka zimenyooka kama kamba mbili za ngoma. Iliyochanika hutuna katikati, nyuma ya mguu unaonekana umepinda kama ndizi, pana moto, na ukiunyanyua mguu ukaibana kano kwa vidole viwili punda anavuta. Ubaya wa kano ni kwamba maumivu hupungua ndani ya siku chache, wakati uponaji unachukua miezi tisa hadi kumi na mbili. Punda aliyechechemea Jumatatu, Ijumaa anatembea vizuri, Jumamosi anapakiwa, na hapo ndipo inapokatika kweli. Punda mzee wa namna hii msimu huu hana mzigo, na ni heri kulikubali mapema.

Kuna pia vifuko laini pembeni juu kidogo ya kifundo, ubaridi, havina maumivu, vimekuwepo miaka. Hivyo ni alama ya kazi ya zamani. Viache. Wanaovichoma kwa chuma cha moto au kuvitoboa wanafungua kiungo kwa vijidudu, na kiungo kikiingia usaha punda ndiyo basi.

Upo uvimbe unaoonekana miguuni lakini chanzo chake ni mwili mzima. Tazama tumbo chini, kifuani katikati ya miguu ya mbele, na kwa dume ala ya uume. Kama navyo vinabonyea, geuza kope ya chini. Rangi ya waridi ni njema. Nyeupe kama karatasi ni upungufu wa damu. Tanga ina mbung'o, na punda anayechungwa karibu na mapori ya Saadani au vichaka vya bonde la Pangani yumo hatarini kupata nagana, ugonjwa ambao wengi tunauita ndorobo. Mkoa wenyewe una historia na inzi hawa: madume waliofugwa kwenye kituo cha utafiti cha Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ndio waliorushwa Unguja katika miaka ya 1990 mpaka mbung'o wakaisha kisiwani. Bara hawajaisha. Kwa punda nagana huenda polepole: anakonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, damu inapungua, miguu na tumbo vinajaa maji. Anayempa kazi anasema mzee amechoka.

Hapa panataka tahadhari. Duka la pembejeo lina sindano za nagana za ng'ombe, na mtu humpiga punda kwa kukadiria. Punda na farasi hawazivumilii kama ng'ombe. Kipimo kikizidi humwangusha, na pale ilipochomwa panavimba na kuoza. Apimwe damu kwanza, dawa itolewe kwa uzito. Vilevile dawa ya kupe yenye amitrazi, inayopatikana kila mnadani, isimguse punda: inasimamisha matumbo yake. Zipo za kundi la deltamethrini, ulizia hizo. Na kwa kuwa tumeshafika dukani, chakula cha kuku kilichochanganywa kinga ya koksidia (ugonjwa wa kuku) kinaweza kumuua punda kwa moyo kusimama. Magunia yake na ya pumba yasikae pamoja.

Kama damu ni nzuri na bado mwili unajaa, fungua mdomo. Meno ya nyuma ya punda mzee huwa na ncha kali kwa nje, mengine yamelegea au yameanguka. Dalili ya nje ni vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimetapakaa anapokula. Asiyetafuna hapati protini ya kutosha, na damu isiyo na protini haiwezi kuyashika maji yake ndani ya mishipa. Minyoo hufanya vivyo hivyo. Huyu utamtembeza mwezi mzima bila faida. Ncha zichongwe na mwenye vifaa, apewe dawa ya minyoo kwa uzito wake, na mabua makavu uyakatekate urefu wa kidole, uyaloweke, uongeze konzi mbili tatu za mashudu ya alizeti kwa siku. Chumvi jiwe iwepo. Maji yawe safi, maana punda hunywa maji machafu kwa kulazimika tu, na akikosa ya kumridhisha hunywa kidogo, tumbo likakauka.

Kupoza mguu wenye moto ni jambo linaloandikwa kirahisi na watu wa nchi za baridi, ambako maji ya bomba yenyewe ni barafu. Hapa maji ya simtanki jeusi saa saba mchana ni ya kuogea mtoto. Hata bahari: maji ya pwani yetu huwa nyuzi 25 hadi 30 hivi, yanaburudisha lakini hayapozi kano. Anayeishi Tanga mjini au Pangani achukue barafu kwa wauza samaki. Kwenye soko la samaki la Deep Sea haikosekani asubuhi. Ipondwe, iwekwe kwenye mfuko, chini yake kitambaa kilicholowa ili isiunguze ngozi, ishikwe nyuma ya kongoro dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku mbili tatu za kwanza. Kule Songe na Kibirashi pasipo na barafu, tumia maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo, loweka kitambaa cha pamba, kizungushe bila kukaza, mweke punda penye upepo, na ukiloweke upya kila kikianza kukauka. Upepo ndio unaopoza, kwa hiyo kitambaa kilichofunikwa na nailoni kinafanya kinyume.

Bahari ina faida nyingine. Kwa uvimbe wa kusimama, kumtembeza punda kwenye maji yanayofika magotini, dakika kumi, husukuma maji ya miguuni kupanda, kwa uzito wa maji yenyewe. Chagua maji yanapokupwa, utembee kwenye mchanga uliolowa na kukazana. Mchanga mkavu wa juu unazamisha kwato na kuvuta kano, na kwa punda anayerudi kazini ni mbaya kuliko jiwe. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo siyo ya keshokutwa. Ukimaliza mwoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa panapopita mikanda.

Bandeji hatuipendi sana kwenye joto hili, tuseme wazi. Ngozi inatota, inachubuka, na aliyeifunga vibaya anakata damu. Ila ikibidi, usiku, kwa punda ambaye uvimbe wake ni wa kusimama tu, funga hivi: pamba ya kutosha unene wa vidole viwili kuzunguka kongoro lote, kuanzia chini tu ya goti mpaka chini ya kifundo, kisha ukanda wa kanga kuukuu upana wa sentimita 10 hadi 12, urefu wa mita mbili na nusu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mkazo ule ule mwanzo hadi mwisho. Kidole kiingie juu na chini. Kanga haivutiki, kwa hiyo bila pamba hugeuka kitanzi. Usiishie juu ya kifundo. Maji yatakusanyika chini yake na asubuhi utakuta kifundo kama embe. Saa 12 zikipita, fungua. Ukifunga mguu mmoja, funga na wa pili, kwa sababu utabeba uzito wa mwenzake.

Kurudi kazini sasa. Punda wengi wa kwetu wana kilo 110 hadi 150. Theluthi ya uzito ndiyo mwisho wa mzigo wa mgongoni, yaani kilo 36 hadi 50, shogi (tandiko la kubebea mzigo) likiwemo. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 21. Madumu manne, mzigo tunaouona kila barabara ya vumbi, ni kilo 84, na hakuna mguu wa punda mwenye miaka 18 utakaoubeba msimu mzima. Madumu mawili ndiyo yake. Debe moja la mahindi kila upande.

Wiki ya kwanza ni kutembea mikono mitupu, dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni, pasawa. Mara mbili fupi hushinda mara moja ndefu, maana tunachotafuta ni kuzuia saa nyingi za kusimama. Wiki ya pili dakika 30 mara mbili, shogi tupu likiwa mgongoni, ili na ngozi ya mgongo izoee. Wiki ya tatu weka dumu la lita 10 kila upande, limejaa. Watu huweka la 20 nusu, wakidhani ni hesabu ileile; maji yanacheza, mzigo unayumba, na kila yumbo linaangukia kano za upande mmoja. Wiki ya nne mzigo huohuo, muda uongezwe hadi dakika 45, na hapo ndipo miteremko midogo inaruhusiwa. Kuanzia wiki ya tano ongeza kilo tano kila upande kwa wiki, au muda, kimojawapo. Kuongeza vyote kwa pamoja ndilo kosa linalorudisha punda mwanzo. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, kano huchelewa miezi. Punda anaonyesha ana nguvu wakati kano zake bado, na kwa kuwa punda huficha sana maumivu, usingoje achechemee. Masikio yaliyolala, kubadili mguu wa kuegemea kila dakika, kubaki nyuma ya wenzake wakienda majini, hayo yanatosha kumpumzisha.

Siku ya mapumziko isiwe siku ya kamba. Zizi la hatua kumi kwa kumi, mchanga kwenye kona moja ili agaragare na kulala, majani yakiwa upande mmoja na maji upande wa pili ili alazimike kutembea kati yake usiku. Kwa punda wengi wazee mpangilio huo peke yake hupunguza uvimbe wa asubuhi. Jioni ya kazi usimvue na kumwacha hapohapo. Mvue shogi, mtembeze dakika kumi, pitisha mkono miguu yote minne, ondoa miiba, ndipo ale. Asubuhi futi itoke tena kabla ya hatamu. Ikisoma zaidi ya sentimita moja kuliko jana asubuhi, na robo saa ya kutembea isiuguse uvimbe, siku hiyo anatembea na shogi tupu, mahindi yakabebwa na mwenzake.